Wahusika Watoke Nje

Nianze na sikio, maana watu wakinisemesha kwa upande wa kushoto nikanyamaza, hudhani ninaringa. Siringi. Sikio hilo halisikii. Lilipasuliwa kwa kofi moja, siku ya Idi pili, mjini Kondoa, kando ya pazia la jukwaa, na aliyelipasua alikuwa kiongozi wa bendi yetu. Lakini kwa miaka habari iliyotembea mjini ilikuwa nyingine, kwamba nililewa nikaanguka jukwaani. Mama yangu aliisikia hiyo ya kulewa, na tangu hapo mimi na yeye tukabaki na shikamoo na marahaba, basi. Kwa hiyo bendi ilipoamua kutengeneza filamu ya historia yake yenyewe, wenzangu walikuwa na sababu zao. Mimi nilikuwa na moja. Nilitaka mama aone ukweli.

Bendi ilizaliwa ikiwa mali ya shirika la umma, enzi zile kila shirika lilipokuwa na timu yake ya mpira na bendi yake ya dansi. Baadaye yakaja mabadiliko, shirika likauzwa, na sisi tukaambiwa kiinua mgongo chetu ni vyombo. Kila mtu akachukua anachopiga. Mpiga dramu alipewa dramu zake, mpiga besi gitaa lake, na mimi mwimbaji nikapewa amplifaya moja na maikrofoni mbili. Nayasema haya kwa sababu watu huniuliza kwa nini sikuondoka siku ile ile niliyopigwa. Ningeondoka na nini? Amplifaya bila magitaa ni sanduku la kukalia kuku.

Kitu kingine tulichorithi kwa shirika ni kamati. Shirikani kila jambo lilipita kwenye kikao cha wafanyakazi, na sisi tukaendelea vivyo hivyo hata baada ya shirika kufa, maana hatukujua namna nyingine ya kuishi. Mpiga dramu alikuwa mwenyekiti. Kununua nyuzi za gitaa, kura. Kwenda Babati au kutokwenda, kura. Na sheria iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa hii: jambo likimhusu mtu, mhusika atoke nje wenzake wajadili kwa uhuru. Na kura haipigwi mhusika akiwa ndani. Niliwahi kukaa nje kwenye jua saa nzima watu wakijadili kama gauni langu jipya ni fupi mno.

Usidhani kamati ilitufanya wastaarabu. Tulikuwa watu wa ngumi. Kiongozi alikuwa na kipande cha waya wa umeme alichokining'iniza msumarini, ukichelewa mazoezi unakula mgongoni, mwanamume mzima na ndevu zako. Mpiga besi na mpiga ridhim waliwahi kupigana jukwaani huku kila mmoja akiendelea kupiga gitaa lake, wanapigana mateke. Mimi nami sikuwa malaika. Mpiga besi alinishika mahali nisipopenda kushikwa, nikavua kiatu nikamchana paji la uso kwa kisigino, akashonwa. Kesho yake tukapiga dansi ukumbi wa Kikuyu, palepale Dodoma, yeye na bandeji yake, mimi na viatu vyangu, na watu wakacheza mpaka vumbi likajaa ukumbini.

Muziki wenyewe tuliuita roki. Kiongozi ndiye aliyekuwa mpiga solo, na ofisa mmoja wa Bunge alimletea kutoka safari za nje kile kidude cha kukanyaga kwa mguu kinachokoroga sauti ya gitaa. Alipokikanyaga mara ya kwanza, mbwa wa Mkonze nzima, mtaa alikokaa, walibweka. Wanafunzi wa vyuo waliupenda mno muziki ule. Bunge likikaa, ukumbi ulijaa makarani, madereva na waandishi wa habari, na kiongozi akawa anapiga solo amelala chali. Lazima niseme haki ya mtu. Yule bwana alijua kulipiga gitaa. Kuna nyakati nilisahau kwamba ninamchukia.

Sasa, ile Idi. Kondoa ni kwetu. Mama yangu alikaa hatua chache kutoka msikitini, mjane, na mdogo wangu wa kiume alikuwa akiuza mahindi na alizeti sokoni na kuswali safu ya mbele. Kuimba bendi walikuwa wamenivumilia, kwa shingo upande. Siku hiyo nilikuwa na wimbo niliotunga kwa Kirangi, na kiongozi alikuwa amenikataza kuuimba kwa sababu yeye hakuuelewa na haukuwa na nafasi ya solo. Nikauimba. Mpiga dramu akanifuata, besi ikaingia, na ukumbi mzima ukasimama, hata akina mama waliokuwa wamekuja kuangalia tu na kuondoka. Kiongozi akabaki ameshika gitaa lake hana pa kuingia. Nilipomaliza nikaelekea kando ya pazia kunywa maji. Akanifuata. Sikuliona kofi, nilisikia mlio, halafu sikusikia kitu upande ule, mpaka leo. Nikayumba nikatokea mbele ya pazia, nikaanguka kutoka jukwaani mpaka chini mbele za watu.

Waliniona nikianguka. Kofi hawakuliona. Na kiongozi akachukua maikrofoni, maikrofoni yangu, akasema, "Mtusamehe, ndugu zetu. Dada yenu leo ameonja kidogo." Watu wakacheka. Siku ya Idi, mjini kwetu, mtoto wa mama yule.

Nililetwa nyumbani damu inatoka sikioni. Mama aliniosha, akanibadilisha nguo, hakuniuliza hata neno moja. Nilipotaka kusema akaniambia, "Lala." Mdogo wangu alisimama mlangoni, akamuuliza mama mbele yangu kama ni kweli nimelewa. Mama akasema, "Si umesikia watu?" Basi. Nilijigeuza ukutani nikalia kwa hasira, siyo kwa maumivu. Kuanzia hapo, kila nikienda nyumbani, mama alinipokea mzigo, akanipa chakula, akakaa chumba kingine.

Kuimba sikuweza tena. Mtu anayesikia upande mmoja huimba kando ya muziki bila kujijua. Nikawekwa kuitikia na kutikisa kayamba nyuma, na bendi ikaendelea kutumia amplifaya yangu.

Miaka ikapita, na disko likatuua. Kijana mmoja na kanda zake alijaza ukumbi kuliko sisi watu tisa na jasho letu. Hapo ndipo kiongozi alipokuja na wazo la filamu. Kila mji ulikuwa na banda la video, watu wanaangalia karate kutwa, kwa nini wasituangalie sisi? Tutasimulia historia yetu wenyewe, alisema, kila mtu ataongea, na yale mambo ambayo hayakupigwa picha tutayaigiza. Kura ikapigwa, wote tukanyoosha mikono. Mimi niliunyoosha juu kuliko wote.

Akatafutwa mpiga picha. Tulimpata bwana mmoja mnene, mpole, aliyekuwa akipiga harusi, na kamera yake ya kubeba begani. Mitambo ya kukatakata na kuunganisha hatukuwa nayo. Kwa hiyo tulipiga picha kwa kufuata mpangilio wa hadithi, mwanzo mpaka mwisho, kwenye mkanda mmoja. Kila sehemu ikiisha tulikusanyika sebuleni kwa kiongozi, Mkonze, tukaitazama kwenye deki, halafu kikao kinakaa. Wengi wakikubali, tunaendelea mbele. Wengi wakikataa, mpiga picha anarudisha mkanda nyuma na kurekodi upya juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza inakufa. Mkanda ulikaa kwa mwenyekiti, kwa azimio la kikao.

Jamani, historia yetu ilivyobadilika sebuleni mle! Waya wa umeme haukuwahi kuwepo. Mpiga tumba aliyetoroka na mke wa mtu alipotea kabisa, kana kwamba tumba zilijipiga zenyewe. Mpiga besi alieleza kovu la paji la uso kwamba lilitokana na ajali ya baiskeli, nikacheka, nikaambiwa nitoke nje kwa sababu nahusika. Nikatoka.

Ugomvi mmoja tu waliuacha, tena wakaupamba. Ni ule wa kupigana na bendi pinzani kwa chupa, Kikuyu, kwa sababu humo tulishinda. Walipouigiza, mpiga ridhim alitakiwa kuinama chupa ikipita. Hakuinama kwa wakati. Ikamkuta mdomoni, meno mawili yakatoka, damu ikamwagika kwenye shati jeupe, na yeye kwa maumivu akamrukia mrushaji wakavingirishana mavumbini wakipigana kwelikweli. Mpiga picha hakuzima. Sebuleni, mpiga ridhim mwenyewe, mdomo umevimba, alitolewa nje kama mhusika, na kikao kikapitisha kwa kauli moja kwamba sehemu hiyo ibaki, damu imetoka vizuri. Alipoingia akaambiwa matokeo, akatabasamu na mapengo yake. Ndivyo tulivyokuwa.

Ikafika zamu ya Kondoa. Nikasimama nikasema, kwa adabu kabisa, kwamba nitaigiza ilivyokuwa. Kiongozi anifuate kando ya pazia, anipige, nianguke, kisha aseme aliyosema. Kiongozi akasema hakuna kitu kama hicho, mimi nililewa, kila mtu anajua. Nikamwambia, "Apa." Akasema hawezi kuapa kwa ajili ya mlevi. Wenzangu wakatazama sakafu. Walikuwepo wote siku ile, na angalau watatu waliona mkono wake.

Mwenyekiti akagonga meza. Ningependa kusema alikuwa mtu wa haki, lakini hapana, alikuwa mtu wa utaratibu, na si kitu kimoja. Akasema, "Jambo hili lina wahusika wawili. Wahusika watoke nje." Kisha akamtazama mpiga picha. "Na wewe si mwanachama. Nawe tupishe."

Fikiria akili za watu wale. Mpigaji na aliyepigwa wametolewa pamoja, mlango ukafungwa na komeo, ili wajadili kwa uhuru.

Uani palikuwa na kinu, tangi la maji, na kamba ya nguo. Mpiga picha alikwenda kukaa kivulini mwa ukuta na kamera yake begani, mkanda umo ndani tayari kwa Kondoa. Mimi nilisimama karibu na kinu, kiongozi akazunguka zunguka, kisha akanijia. Akaongea kwa sauti ya chini, upande wa sikio zima, maana alikumbuka ni lipi alilolivunja.

"Unataka niseme nilikupiga? Haya. Nilikupiga. Ulinidhalilisha jukwaani kwangu."

"Jukwaa lilikuwa la wote," nikamwambia.

"Nilikupiga kule Kondoa, kwenu, siku ya Idi, wanaume wa kwenu wamejaa ukumbini. Nani alinijia? Huyo mdogo wako wa safu ya mbele alinijia? Kwenu hakuna wanaume. Na leo ningekupiga tena."

Akanipiga tena. Kofi, la upande uleule, kama mtu anayepiga mstari chini ya alichokwisha andika. Sasa mimi sikuwa yule wa nyuma ya pazia. Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Niliunyanyua nikampiga nao begani, nikasikia mfupa, akapiga yowe, nikamlenga kichwa nikakosa, mchi ukagonga tangi. Akanikamata shingo kwa mikono miwili akanikandamiza kwenye tangi lile. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi ya damu yake. Hakuniachia. Macho yakaanza kuona giza pembeni, na nakumbuka niliwaza kitu cha kipuuzi kabisa, kwamba nitakufa na mama atasema nililewa.

Komeo likafunguliwa. Mwenyekiti alikuja kutuita tusikie matokeo, akakuta matokeo mengine. Walikuja wote wakatutenganisha, watu wawili kwangu, wanne kwake. Na katika hekaheka ile, mwenyekiti, pumzi zikimpaa, akatangaza kwamba kikao kimeamua kwa kura nyingi kuwa nililewa.

Hapo ndipo mpiga picha akakohoa. Alisema kwa upole wake ule ule, "Samahani. Mimi kwenye harusi nimefundishwa watu wakisimama nisizime. Imo yote."

Tukaingia sebuleni tukaitazama. Ilikuwa imo. Sauti ndogo lakini safi, maneno yote, kofi, mchi, shingo. Nilijiona ulimi ukinitoka. Kiongozi, bega limemteguka, mkono unavuja, akasema irudishwe nyuma sasa hivi, irekodiwe juu yake kama kikao kilivyoamua. Mwenyekiti akasema hapana. Kikao kiliamua juu ya maigizo ya Kondoa, na hii si Kondoa, hii ni Mkonze. Ni sehemu mpya, yahitaji kura yake. Na kura haipigwi wahusika wakiwa ndani.

"Basi tutoke," kiongozi akasema.

Hakuna aliyekubali kututoa nje pamoja mara ya pili. Mpiga besi akapendekeza tutolewe mmoja mmoja. Mwenyekiti akasema sheria haijui mmoja mmoja. Wakabishana mpaka jua likaelekea kuzama, na mimi nimekaa kwenye kiti nimeshika shingo yangu, nikiisikiliza sheria ile ya kipumbavu ikinitetea kuliko binadamu yeyote aliyewahi kunitetea. Bila kura hapafutwi kitu. Kwa hiyo haikufutwa.

Kiongozi angeweza kumnyang'anya mwenyekiti mkanda. Hakufanya hivyo, na nadhani najua kwa nini. Filamu nzima ilimsifu yeye, na ilikuwa imejaa mapigano ya kuigiza. Alisema mwenyewe wakati tunaondoka kwake, akimwambia mpiga besi, "Watu watajua ni maigizo." Sehemu ya Kondoa tukaiacha bila kuiigiza. Baada ya uani pale filamu inarukia wimbo wa mwisho, kiongozi amelala chali anapiga solo kwa bega bovu.

Nikauchukua mkanda mimi kuupeleka kwetu. Niliomba kikaoni, wakaniruhusu, Kondoa ni eneo langu.

Nilimwendea mama kwanza. Nilimwambia, "Mama, njoo uone jambo moja tu, halafu ukitaka uendelee kuninunia." Hakutaka. Mama si mtu wa mabanda ya video. Nilimbembeleza siku kadhaa, mwisho akakubali kwa sababu majirani zake walikuwa wakienda, mtaa mzima ulikuwa ukienda kumwona mtoto wa jirani ndani ya televisheni. Ilikuwa alasiri, baada ya swala. Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya soko, watu wamebanana mabenchini, akina mama nyuma, wanaume mbele. Mdogo wangu alikuja na wafanyabiashara wenzake na wazee wawili wa msikitini. Alikuwa amenunua soda kwa wote. Nilimwona anafurahi, na mimi nikafurahi.

Watu walipenda. Walicheka kwenye chupa, walipiga makofi meno yalipotoka, wakaomba irudishwe, ikarudishwa. Kisha ikaja sehemu ya uani. Waliniona nimesimama karibu na kinu, wakapiga vigelegele, wakidhani ndiyo kichekesho kinachofuata. Kiongozi akaanza kuongea. Mwenye banda akaongeza sauti ili wasikie vizuri.

Nilipofika na mkanda ule nilikuwa nimeusikiliza labda mara kumi. Kila mara nilisikia neno moja, nilikupiga, nilikupiga. Mengine yalinipita. Lakini mle bandani, katikati ya watu wa kwetu, niliyasikia na mengine. Huyo mdogo wako wa safu ya mbele alinijia? Kwenu hakuna wanaume. Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa panga. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, siyo kunitazama mimi. Walimtazama yeye. Alikuwa ameshika chupa ya soda. Aliiweka chini polepole isimwagike, akawaomba radhi wazee aliowapita, akatoka. Kwenye televisheni mimi nilikuwa bado nanyongwa.

Nilimgeukia mama. Hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akitazama mlango aliotokea mwanawe, na alinishika mkono, mara ya kwanza kwa miaka, akanibana mpaka nikaumia.

"Umefanya nini?" akasema.

"Nimekuonyesha ukweli, mama."

"Mimi nilikuwa naujua."

Alinieleza njiani, akikimbia kwa kanga na ndala, mimi nyuma yake nikimgeuzia sikio nisikose neno. Alijua tangu siku aliponiosha. Ulevi hauachi vidole shavuni. Alijua pia mtoto wake wa kiume, hasira zake zilivyokuwa kabla hajashika dini, alivyowahi akiwa kijana kumpiga mtu mnadani mpaka akazimia. Kwa hiyo mdogo wangu alipouliza pale mlangoni, mama alichagua. "Na ungekuja kucheka na kula nami kama zamani, angejua nadanganya," akasema. "Nilikununia ili aamini."

Miaka yote ile. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilimwambia, "Ungeniambia na mimi." Akasema, "Wewe? Wewe unaweza kunyamaza?"

Nyumbani mdogo wangu hakuwepo. Sokoni kwake palikuwa pamefungwa. Usiku huo mama hakulala, aliswali, na asubuhi tulipofika stendi basi la Dodoma lilikuwa limekwisha ondoka naye. Tulipanda lililofuata. Njia nzima nilijiambia kwamba atamtukana tu, atampiga kofi moja, kofi kwa kofi, yaishe.

Mdogo wangu alimkuta kiongozi Kikuyu, ukumbini, mchana, bendi inafunga vyombo kwa ajili ya dansi la jioni. Mpiga dramu alinisimulia baadaye kwa utaratibu wake. Mdogo wangu aliingia, akatoa salamu kwa wote, akauliza kiongozi ni yupi, ingawa alimjua. Kiongozi akasimama. Mdogo wangu akamwambia, "Nimekuja." Akachukua chuma cha kusimamishia maikrofoni, kile kizito cha zamani cha shirika. Alianza na taya. Kiongozi alipoanguka, akaendelea na mkono wake wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, aliuweka juu ya ngazi ya jukwaa akaupiga mara nyingi, bila kusema kitu, kama mtu anayetwanga. Watu saba, wasanii wa ngumi, hakuna aliyesogea. Mpiga besi alijikojolea. Tulipofika mimi na mama damu ilikuwa imemwagiwa mchanga, na mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti nje, mikono magotini, akingoja polisi. Mama alikaa naye, akampangusa uso kwa ncha ya kanga.

Kiongozi hakufa. Taya iliungana vibaya, vidole havikuungana. Hakupiga tena gitaa, na bila yeye hatukuwa bendi. Kila mtu alichukua chake. Nasema wazi, sikumhurumia. Nimejaribu, hasa nikimwona mjini akivuka barabara na mkono wake ule, na huruma haiji. Lakini vidole vile vilikuwa vikitoa kitu kizuri duniani, na hicho nimekililia.

Mahakamani mpiga ridhim na mpiga besi walikula kiapo wakasema mimi nililewa. Mdogo wangu alifungwa miaka mingi, mke wake akarudi kwao na watoto, na lile eneo lake la sokoni akalichukua mwingine.

Nilipokwenda kumwona gerezani mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba sikumtuma. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo, naye yeye, kwa kuligeuza jambo langu likawa lake. Aliletwa, amenyolewa, amepungua. Tuliongea habari za mama, za watoto. Kisha nikamwuliza kwa nini hakunijia mimi kwanza siku ile, kabla ya kupanda basi.

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

"Dada," akasema, "ungeniambia nyumbani, tukiwa wawili, ningevunja vikombe, ningelia, na mama angenishika. Lakini mimi niliambiwa mbele ya watu. Nikakaa pale na soda yangu, wote wananitazama. Ulitaka nifanye nini?"

Askari akasema muda umekwisha. Nikamkabidhi askari sabuni na sukari nilizoleta, na mdogo wangu akasimama akarudishwa ndani.